Nilisema niko sawa

Neno lililokaribia kuninyima fidia yangu nililitamka mwenyewe, tena nikiwa bado nimekaa sakafuni. Msimamizi wa zamu alisikia kishindo akaja mbio. "Vipi, umeumia?" Nikamjibu, "Hapana bosi, niko sawa." Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikairudisha ngazi ukutani na kuendelea kupanga katoni mpaka saa ya kutoka.

Nilikuwa nafanya kazi ghalani. Nilipanda kufuata katoni kwenye rafu ya nne, ile ya juu kabisa, ngazi ikateleza. Katika kuanguka mkono wangu wa kulia ulidaka ukingo wa rafu, na kwa sekunde moja mwili mzima ukaning'inia kwenye bega. Nilihisi kitu kikikatika ndani, kama kamba inayofyatuka. Nikaachia, nikafika chini. Maumivu yalipanda kisha yakapungua, nami nikashika huko kupungua kuwa ndiyo habari yenyewe.

Lakini sikusema niko sawa kwa sababu ya maumivu kupungua tu. Niliona aibu. Utaratibu ulitaka mtu mmoja apande na mwenzake ashike ngazi. Siku hiyo tulikuwa pungufu na mzigo ulikuwa mwingi, nikapanda peke yangu. Kichwani mwangu hesabu ilikwisha pale pale: kosa ni langu, basi jeraha ni langu, basi gharama ni zangu. Nilidhani kimya kitaniepusha na barua ya onyo. Tangu wakati ule nimezungumza na watu wengi walioumia kazini, na karibu wote walipitia hesabu hiyo hiyo. Wengine walisahau kuvaa glavu, wengine walikuwa wamechoka, wengine waliharakisha kwa sababu waliharakishwa. Wote walianza kwa kujihukumu, na waliojihukumu walinyamaza.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilimwandikia dada yangu kwenye WhatsApp: "Nimeanguka na ngazi kazini leo mchana. Bega la kulia linaniuma." Akajibu muda si mrefu: "Pole sana mdogo wangu. Umewaambia kazini?"

Sikumjibu.

Nilimeza vidonge vya maumivu kwa wiki mbili. Nilijifunza kuvaa shati kwa mkono wa kushoto, nikawa naomba zamu za kazi za chini ili nisinyanyue kitu juu ya kichwa. Siku niliposhindwa kabisa kuinua mkono nilikwenda zahanati. Nikamwambia daktari, "Bega linaniuma." Tangu lini? "Kama wiki mbili." Akaandika alichosikia: maumivu ya bega la kulia, wiki mbili. Sikutaja ngazi, na yeye hakuniuliza kazi yangu.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliyekuwa akiwafuata mafundi na vibarua sehemu zao za kazi ili aelewe maradhi yao, aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye swali hilo bado huachwa kwenye vyumba vingi vya matibabu, hasa foleni ikiwa ndefu. Kwa hiyo mgonjwa ndiye wa kulijibu kabla hajaulizwa. Ukiingia kwa daktari, sentensi yako ya kwanza ibebe vitu vitatu: kilichotokea, kilipotokea, na siku yenyewe. "Niliteleza kwenye ngazi kazini tarehe fulani, mkono ukavutwa, bega limeniuma tangu siku hiyo." Kisha, kabla hujatoka, muulize kwa adabu kama amekwisha kuliandika hilo la kazini. Si kumfundisha kazi yake. Faili lile litasomwa miezi kadhaa baadaye na mtu asiyekujua, na kwake yeye lisiloandikwa halikutokea. Na kama ulipata maumivu sehemu nyingine, hata kidogo, yataje yote siku hiyo hiyo. Goti lisilotajwa siku ya kwanza huwa gumu kuliingiza kwenye madai mwezi wa tatu.

Picha ya eksirei ilitoka safi, nami nikapumua. Sikujua kwamba eksirei huonyesha mifupa, na kano lililochanika linaweza lisionekane humo kabisa. Ilichukua wiki kadhaa hadi nikafanyiwa kipimo cha MRI, kinachoonyesha hata nyama na kano, na hapo ndipo jeraha likapewa jina: kano la bega limechanika. Daktari wa mifupa akazungumzia upasuaji na miezi ya mazoezi ya tiba. Ndipo nilipokwenda kuomba fidia.

Jibu lilikuja kwa barua fupi. Madai hayakukubaliwa kwa sababu tatu: hakuna taarifa ya ajali iliyotolewa siku ya tukio, rekodi ya kwanza ya matibabu haitaji ajali yoyote kazini, na mfanyakazi mwenyewe, alipoulizwa na msimamizi wake, alisema hakuumia. Niliisoma mara nyingi. Kilichoniuma ni kwamba hapakuwa na uongo ndani yake. Kila sababu ilitokana na neno nililolisema au nililolimeza.

Nilimpelekea barua ile mama mmoja wa makamo, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ambaye alikuwa ameshughulikia madai ya namna hii kwa miaka mingi. Nilianza kumweleza kwa kujitetea: kwamba ni kweli nilipanda peke yangu, kwamba nilijua si sahihi, kwamba ningeomba tu wanifikirie. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, nani kakuuliza kosa ni la nani?"

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo natamani kila mfanyakazi angeambiwa siku anapokabidhiwa sare. Mifumo ya fidia kwa wafanyakazi, karibu kila mahali ilipo, haiulizi nani alikosea. Inauliza kama umeumia, na kama umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Ukiwa umejiumiza makusudi, au ulikuwa umelewa, au ulivunja taratibu kwa ukaidi mkubwa wa makusudi, hapo sheria nyingi zina masharti yake. Lakini uzembe wa kawaida wa binadamu aliyechoka, kuteleza, kusahau, kuharakisha, haukunyimi haki.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1835 huko Uingereza kijana Charles Priestley, aliyekuwa mtumishi wa mchinjaji nyama, alipandishwa kwenye gari la kukokotwa lililopakiwa mzigo kupita kiasi. Gari likaharibika njiani, akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya pauni 100. Mwaka 1837 majaji wakaifuta. Walisema mtumishi alikuwa na nafasi ya kujua hatari ya gari lile sawa na bwana wake, na angeweza kukataa kupanda. Jaribu kumfikiria kijana huyo akimwambia bwana wake kwamba hapandi. Kwa miongo mingi baada ya kesi hiyo, mfanyakazi aliyeumia katika nchi zilizofuata sheria za Kiingereza alipambana na ngao tatu za mwajiri: ulichangia kosa mwenyewe, uliikubali hatari ulipokubali kazi, au aliyekuumiza ni mfanyakazi mwenzako, mdai yeye.

Mabadiliko yalianzia Ujerumani mwaka 1884, wakati wa Otto von Bismarck, kansela wa nchi hiyo, kwa sheria ya bima ya ajali kazini iliyogharimiwa na waajiri. Uingereza ikafuata mwaka 1897. Marekani ilisuasua: tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo, na kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle katika Jiji la New York kikaungua na wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana waliohamia kutoka Ulaya. Sheria zilizokuja baadaye zilijengwa juu ya mapatano yale yale: mfanyakazi haachwi ahangaike kuthibitisha kosa la mwajiri, na kwa upande wake, mara nyingi, anapoteza nafasi ya kumshtaki mwajiri mahakamani kwa ajali ile. Kuna kilichotolewa na kuna kilichopokewa. Kwa hiyo unapojaza fomu ya fidia huombi hisani. Upande wako wa mapatano umeshalipwa zamani.

Nimekaa kwenye historia kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Nilipoelewa kwamba kosa langu si swali, niliweza kusimulia ajali yote bila kuficha kitu, na masimulizi yasiyoficha kitu hayabadiliki ukiulizwa mara ya pili na ya tatu. Nilipokuwa naficha, nilikuwa nabadilisha maneno madogo madogo kila mara, na afisa madai anachokitafuta kwanza ni maneno yaliyobadilika.

Mama yule akaniuliza, "Siku ile hukumwambia mtu yeyote? Hata nyumbani?"

Nikakumbuka ujumbe. Simu yangu ilikuwa imebadilishwa katikati na mazungumzo yamepotea, lakini dada yangu huwa hafuti kitu. Akausogeza juu kwa kidole mpaka akaufikia: tarehe ile ile, saa tatu na dakika chache usiku, maneno yangu kuhusu ngazi na bega, na chini yake swali lake ambalo halikujibiwa. Tukapiga picha ya skrini, na simu yenyewe tukaihifadhi, kwa sababu picha inaweza kutiliwa shaka na simu ikaitwa ishuhudie.

Kwenye ujumbe huo tulijenga mengine. Daftari la zamu lilionyesha kwamba siku hiyo tulikuwa pungufu. Mwenzangu aliyesikia kishindo aliandika maelezo yake kwa mkono wake na kuyasaini. Alikuwa amehamia kazi nyingine, na nadhani ndiyo maana hakuogopa. Hili la mashahidi lisicheleweshwe hata siku moja. Watu huhama, husahau, huitwa ofisini wakaongea wakatoka wakiwa hawana uhakika tena. Hata msimamizi alisaidia pasipo kukusudia: aliandika kwamba alinikuta nimekaa chini kando ya ngazi nikasema niko sawa. Basi alikiri nilianguka.

Daktari wa mifupa aliandika barua kueleza kwamba mchaniko wa aina ile unalingana na mkono uliovutwa ghafla kwa uzito wa mwili. Waliopinga wakasema huenda bega lilikuwa bovu tangu zamani. Ni kweli niliwahi kuumwa bega hilo hilo miaka ya nyuma, na nilikuwa nimelisema kwenye fomu. Niliogopa sana kulisema. Lakini ugonjwa wa zamani uliouficha ukigunduliwa kwenye faili la hospitali, utaonekana mwongo hata katika yaliyo kweli. Na sheria nyingi zinatambua kwamba ajali inayouamsha au kuuzidisha udhaifu wa zamani nayo ni ajali ya kazini. Ukweli wote, hata ule unaodhani unakudhuru, ni salama zaidi kuliko ukweli uliochaguliwa. Vivyo hivyo kuhusu kuzidisha. Kama unaweza kunyanyua kilo mbili, usiseme huwezi kunyanyua kitu. Kuna watakaokuangalia ukitoka dukani, na kuna watakaofungua picha ulizoweka mtandaoni.

Taarifa kwa mwajiri iwe ya maandishi, siku ile ile ukiweza, hata kama jeraha linaonekana dogo, hata kama msimamizi aliona kwa macho yake. Andika mwenyewe: siku, saa, mahali, ulichokuwa ukifanya, kilichotokea, sehemu za mwili, walioona. Baki na nakala. Ikiwa hawapokei karatasi, tuma ujumbe wa simu au barua pepe. Ukiulizwa kama umeumia na hujui, jibu kwamba hujui. "Nimeanguka, bado sijajua nimeumia kiasi gani" ni jibu la kweli na halimuudhi mtu. Na kama fomu ya ajali imejazwa na mtu mwingine, isome kabla ya kusaini; ikiwa imeandikwa "aliteleza, hakuumia" na wewe bega linawaka moto, andika maelezo yako hapo hapo juu ya saini.

Halafu ulizia muda wa ukomo. Kila sheria ina muda wake wa kutoa taarifa, muda wa kufungua madai, muda wa kukata rufaa, na mara nyingi huo wa rufaa ndio mfupi kuliko yote. Barua ya kukataliwa ikifika watu wengi hukaa nayo wakiumia moyo, na siku zinahesabiwa. Weka bahasha yenyewe na uandike juu yake tarehe uliyoipokea. Kwa magonjwa yanayokuja polepole, kama mapafu yaliyojaa vumbi au masikio yaliyochoshwa na mashine, sheria nyingi huanza kuhesabu pale unapojua, au ungepaswa kujua, kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Kwa hiyo usijifukuze mwenyewe kwa kusema muda umepita.

Wala usijifukuze kwa kusema wewe ni kibarua tu, au uko kwenye majaribio, au si raia. Uliza kwanza. Mkataba Na. 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia ziwape wafanyakazi wa kigeni kutoka nchi nyingine zilizouridhia fidia ya ajali sawa na raia wake. Mkataba Na. 121 wa mwaka 1964 unawataja hadi wanagenzi, na kwa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda unaweka kiwango cha chini kinachokokotolewa kwa asilimia 60 ya mshahara kwa mfano wa mwenye mke na watoto wawili. Nchi zinatofautiana, na nyingi hazijaridhia. Lakini mtu akikwambia watu wa aina yako hawafidiwi, mwombe akuonyeshe kifungu.

Kuhusu mshahara, angalia hesabu wanayotumia. Malipo ya mtu aliye nyumbani na jeraha hukokotolewa kutoka kipato chake cha kabla ya ajali, na kwangu walikuwa wameweka mshahara wa msingi peke yake, wakaacha ovataimu niliyoifanya kila wiki kwa mwaka mzima. Hati za malipo nilizokuwa nimezitupa ndani ya boksi la viatu zilirekebisha hilo. Kila mahali wana kanuni yao ya nini kinahesabiwa, lakini bila hati huna hata cha kuulizia.

Nilirudi kazini kwa kazi nyepesi, kwa barua ya daktari iliyosema nisinyanyue kitu kupita usawa wa kifua. Wiki ya pili nikaambiwa nisaidie "kidogo tu" kupakua gari. Nilitoa barua mfukoni. Haikuwa rahisi, wenzangu walikuwa wanatokwa jasho na mimi nimesimama na karatasi. Lakini ukivuka mipaka ya daktari ukaumia tena, hilo la pili linaweza kuwekwa mgongoni kwako, na ukilikataa kwa mdomo bila karatasi utaitwa mvivu. Kazi nyepesi iandikwe: majukumu gani, saa ngapi, mpaka lini. Na kama baada ya madai unaona unahamishwa ovyo, unapunguziwa saa au unatishwa, ziandike tarehe zake. Sheria nyingi zinakataza kumwadhibu mtu kwa kudai fidia, na kesi za namna hiyo hushinda kwa tarehe.

Kisha inakuja siku ya asilimia. Jeraha likishatulia, daktari au bodi ya madaktari hupima ulemavu uliobaki na kuuandika kwa namba, na malipo ya ulemavu wa kudumu yanafuata namba hiyo. Usikubali kupimwa mapema, wakati mwili bado unabadilika. Nilipimwa na daktari aliyechaguliwa na upande wa pili, dakika chache tu, siku ambayo nilikuwa nimemeza dawa na bega limelegea. Niliinua mkono juu kwa sababu aliniambia niinue, na sikusema nilipoanza kuumia. Ile aibu ya zamani ilikuwa imerudi. Namba ilitoka ndogo. Nikaomba tathmini ya pili kwa daktari mwingine, na safari hii nilikwenda na daftari.

Daftari lilikuwa wazo la dada yangu. Mistari miwili kila siku: nimeshindwa nini, nimeweza nini, nimelala saa ngapi, nimemeza nini. Siku njema nazo niliziandika. Daktari wa pili alilisoma kurasa kadhaa, akapima kila mwendo wa mkono kwa kifaa, akaniuliza maumivu yanaanzia wapi. Namba ilipanda, si kwa kiasi kikubwa, lakini ilifanana na bega langu.

Kabla ya malipo ya mwisho niliwekewa hati ya makubaliano mezani. Ilikuwa na kurasa sita na kalamu ilikuwa tayari juu yake. Ndani yake kulikuwa na sentensi moja iliyosema napokea kiasi hiki na sitadai tena chochote kuhusu jeraha hili, matibabu ya baadaye yakiwemo. Niliomba kwenda nayo nyumbani. Wakasema wengine husaini hapo hapo. Nikasema nitairudisha baada ya kuisoma na mtu wangu, na yule mama wa chama pamoja na wakili aliyemjua waliipigia mstari sentensi hiyo. Tulipinga kipande cha matibabu, kikatolewa. Kungoja kulinichelewesha wiki tano ambazo nilikuwa nadaiwa kila upande, na sitajifanya kwamba zilikuwa rahisi. Anayesaini haraka mara nyingi si mjinga. Ana kodi ya nyumba. Ndiyo maana kuuliza mapema kuhusu malipo ya muda, yale ya kukushikilia wakati madai yanaendelea, ni sehemu ya kulinda haki yako ya mwisho.

Faili langu halijafungwa kabisa. Hali ikizidi kuwa mbaya ndani ya muda uliowekwa naweza kuomba ipimwe upya, kwa hiyo bado naandika ile mistari miwili. Jana: nimelala saa sita, sijameza kitu. Mkono umefika rafu ya tatu bila maumivu. Ya nne bado.